Fundo Lililoachwa Bila Kuchomwa

Juzi nilimpelekea fundi wa nguo, pale Thika, sketi ya shule ya binti yangu aipunguze kiunoni. Alipomaliza kushona akawasha kiberiti, akaipitisha ncha ya uzi wa nailoni motoni ili usifumuke. Moshi wenyewe haukufika hata dirishani. Lakini harufu ilinipata, nikashika ukuta.

"Mama, uko sawa?" fundi akaniuliza.

"Kwani nimesema niko vibaya?"

Masikini, hakuwa na kosa. Mimi nikibanwa na kitu moyoni huwa mkali. Binti yangu ananijua, akiniona nagombana na sufuria anatoka zake nje. Nilichukua sketi nikarudi Ruiru nimenuna njia nzima, na aliyeninunisha ni mtu aliyezikwa zamani.

Nyinyi wenzangu mnawakumbuka mama zenu kwa chapati za Krismasi, kwa sabuni ya kipande, kwa yale mafuta ya mgando waliyowapaka mpaka mkang'aa kama mandazi. Nawaonea wivu. Mama yangu mimi namkumbuka kwa nailoni iliyoungua.

Tuliishi Mwihoko, chumba kimoja kwenye ghorofa ya pili ya plot ya vyumba vingi, milango ikitazamana, korido katikati ikinuka dagaa wa omena na jiki ya kufulia. Chini kabisa, karibu na geti, Mama Shiru alikuwa na saluni yake, na mama alikuwa na kazi yake ya shanga. Alitengeneza mikanda ya kichwa. Si hii ya plastiki ya madukani. Mikanda ya shanga ndogo za kioo, bluu na nyeupe, na mstari mwekundu ukipita katikati kama njia ya siafu, na vishanga vinavyoning'inia juu ya paji la uso, ukitikisa kichwa vinasema ch-ch-ch. Mtindo huo aliutoa kwa Kukhu, ndivyo tunavyomwita bibi kwetu, yaani mama yake mzazi, naye Kukhu aliukumbuka kutoka kwa bibi yake mwenyewe huko kwetu Bungoma. Maharusi wa Ruiru wenye ruracio, ile sherehe ya mahari, kwaya za shule zinazokwenda kushindana, wote walipanda ngazi zetu. Wengine wakisema, "Aki mama Nafula, si uniwekee ya gold badala ya hiyo bluu?" Mama anavuta pumzi, anatabasamu, anaweka hiyo gold. Wakishaondoka anasema, "Bibi yake Kukhu akifufuka leo atatuchapa."

Mimi ndiye Nafula. Kazi yangu ilikuwa kutenga shanga kwa rangi kwenye vifuniko vya mikebe ya siagi, na kuupaka uzi nta ya mshumaa usijikunje. Mama alinifundisha kuzichota shanga kwa ncha ya sindano bila kuzigusa kwa kidole, maana kidole cha mtoto kina jasho na shanga hukata tamaa, ndivyo alivyosema. Niliamini kabisa kwamba shanga zinaweza kukata tamaa.

Lakini jambo kubwa lilikuwa fundo. Mama hakufunga fundo la mwisho la mkanda wowote kabla mwenyewe hajafika. Mkanda ungekamilika, ncha zake mbili zikaning'inia, ukangoja. Bibi harusi anakuja, anakaa kwenye stuli, mama anauzungusha kichwani mwake, anavuta nyuzi, anauliza, "Inabana? Usinidanganye." Kisha anafunga fundo hapo hapo kichwani, anamwondolea, anawasha kiberiti, anachoma ncha. Nailoni ikishayeyuka hivyo haifunguki tena, labda uikate. Analowanisha kidole gumba kwa mate, anabonyeza pale penye moto, tss. Halafu anasema, "Sasa ni wako." Mkanda usio na kichwa haufungwi. Hiyo ilikuwa sheria ya Kukhu, na ya bibi yake Kukhu.

Baba alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma, na wakati huo alikuwa Turkana kwenye kazi ya mbali ambako network hupatikana ukipanda juu ya jiwe. Alikuwa akipiga simu kila Jumapili tukitoka kanisani. Ananiuliza nimekula nini, namwambia nyama hata kama ni sukuma, anacheka.

Kisha mama akaanza kwenda hospitali Nairobi. Aliniambia ni tumbo. Mtoto ukimwambia ni tumbo, anaridhika, kwa sababu tumbo huuma na kupoa. Alikuwa akirudi amechoka, ananilaza kwa Mama Shiru siku zingine, na mdomo wake ukawa unanuka kama sarafu ya zamani. Simu ya Baba ya Jumapili nayo ikakoma. Simu ikilia, mama anatoka nayo, anafunga mlango, na nikiuliza, "Ni Baba? Nipe nimsalimie," anasema, "Baba ana kazi, atakupigia."

Halafu Kukhu akaja kutoka nyumbani bila kualikwa, na gunia la viazi vitamu na kuku aliyefungwa miguu. Akina mama wa kanisa wakaja na unga na sukari, wakajaa kitandani na sakafuni, wakaimba polepole, wakaomba huku wakilia. Siku iliyofuata, mama akiwa anaoga kwenye karai nyuma ya pazia, pazia likasogea. Niliona kichwa chake. Hakikuwa na unywele hata mmoja.

Hapa lazima niwaeleze kitu, la sivyo mtaniona mjinga. Kwetu mtu akifa, baada ya mazishi kuna siku ya kunyoa. Kuka, babu yangu, alipofariki, tulikaa uani wote, Kukhu akanyolewa wa kwanza kwa wembe, kisha mama na ndugu zake, kisha sisi wajukuu, na upepo wa Bungoma ukatupiga utosini. Niliuliza kwa nini, nikaambiwa ndivyo tunavyomwachilia. Kwa hiyo mimi, katika akili yangu yote ya darasa la tatu, nilijua kichwa kitupu kinamaanisha nini. Kinamaanisha mtu amekufa. Na nikihesabu watu wangu, mama huyu hapa, Kukhu huyu hapa, kuku tumemla. Aliyekosekana ni mmoja.

Baba amekufa, na wananificha.

Wala sikujiuliza mbona mimi sijanyolewa. Jibu lilikuwa wazi: ukimficha mtoto, utamnyoaje? Sikulia. Nilishikwa na hasira, hasira ya kweli, ile ya kukufanya usikie masikio yanawaka. Shuleni kijana mmoja alisema baba yake atamletea baiskeli, nikampiga na kiatu. Mwalimu akaniuliza nina shida gani, nikasema sina. Nilikuwa nimeamua kumlinda mama. Kama hawezi kuniambia, basi nitajifanya sijui, mpaka awe na nguvu za kuniambia.

Shanga zilikaa kwenye vifuniko vyake zikishika vumbi. Bibi harusi mmoja wa Gatongora alikuja akiulizia mkanda, mama akamrudisha mlangoni. Kukhu akamwuliza sababu.

"Nitamfunga mtu kitu cha nywele," mama akasema, "na mimi mwenyewe nimekuwa yai?"

Kukhu akacheka mpaka akashika ubavu. "Nani alikwambia hiki ni kitu cha nywele? Ni nyinyi wa huku mjini mnakifunga juu ya rasta. Bibi yangu alikuwa hana hata unywele mmoja. Walikuwa wananyoa wanawake wote, wanapaka mafuta kichwa kinametameta, ndio mkanda unakaa. Shanga zinapenda ngozi. Hizo zenu zinakaa juu ya nywele kama kuku juu ya paa."

Nikaona kona ya mdomo wa mama ikisogea. "Kwa hivyo mimi sasa ndiyo original."

"Wewe ndiyo ile yenyewe," Kukhu akasema. "Leta sindano. Tunatengeneza wako."

Haki ya Mungu, katika miaka yote ya kutengeneza mikanda ya watu, mama hakuwahi kujitengenezea wake. Waliketi koridoni mahali penye mwanga, wakaanza. Mkanda wa kichwa kitupu una kazi zaidi, hauna nywele za kuushika, kwa hiyo lazima ukae sawasawa na mfupa, na ndani ushonewe kitambaa laini usikwaruze. Kukhu alikuwa macho hayaoni sindano lakini vidole vinaona. Mama alichoka upesi, analala, Kukhu anaendelea.

Na mimi niliuchukia mkanda ule. Niliona ni wa mjane. Ni nani mwingine ananyolewa na kuvishwa kitu kipya na mama yake? Siku moja, mama akiwa amelala, Kukhu aliniambia, "Kuja unitungie uzi," nikakataa.

"Eh! Unakataa mimi?"

"Mimi najua, Kukhu."

"Unajua nini?"

"Najua. Mnadhani mimi ni mtoto lakini najua kila kitu."

Kukhu aliweka sindano chini. Alitazama mlango wa chumba chetu, kisha akanitazama. "Nani amekwambia?"

"Hakuna. Nimeona nywele za mama."

"Nyasaye," akamwita Mungu, kwa sauti ndogo sana. Alinivuta, akanikalisha mapajani ingawa nilikuwa mkubwa, akanikumbatia na leso yake yenye harufu ya moshi wa kuni. "Watoto wa siku hizi. Na umekaa nayo peke yako?"

Nikatikisa kichwa kusema ndiyo. Hapo ndipo nilipolia, na yeye akalia, tukalia pamoja kimyakimya mama asisikie.

"Sasa usimwambie kama unajua," akasema akinifuta kamasi. "Anaogopa sana juu yako. Kila siku ananiuliza, Nafula nitamwambiaje. Wewe jikaze. Wewe ndiye utabaki ukishika hii nyumba."

"Nitaishika," nikasema. Na nilimaanisha. Nilidhani nitafanya kazi za Baba. Nilijiona nikipanda ngazi kubadilisha balbu, nikimfukuza panya, nikimpeleka mama kanisani. Nikaokota uzi, nikaupaka nta. Tangu siku ile Kukhu na mimi tulifanya kazi pamoja kama watu wazima wawili wanaojua jambo moja. Tulitazamana juu ya shanga tukaelewana kabisa, yeye akimlilia binti yake na mimi nikimlilia baba yangu.

Jumamosi mkanda ulikuwa tayari. Mama alisema anataka kutoka nje, aone jua, kwa hiyo tulimshusha hadi uani, tukamweka kwenye stuli ya saluni. Akavua kitambaa cha kichwa mbele ya plot nzima. Mama Shiru akasema, "Ngai! Kichwa chako kiko na shape poa hivi na umekuwa ukikificha?" Akakipaka mafuta, akaleta kioo. Kukhu akauzungusha mkanda. Akavuta nyuzi mpaka zikafika, na pale ncha zilipokutana akatia ushanga mmoja mwekundu kuweka alama ya kipimo.

"Inabana? Usinidanganye," Kukhu akauliza.

"Haibani," mama akasema. Alijitazama kwenye kioo muda mrefu. Alitikisa kichwa, ch-ch-ch. Akacheka. Sijamwona mtu mzuri kama yule hadi leo, na nimeona maharusi wengi. Kukhu akafunga fundo, akauvua mkanda, akachukua kiberiti.

Geti likalia. Nikageuka. Baba alikuwa amesimama pale na begi lake mgongoni, mweusi kwa jua, ndevu zimeota ovyo.

Sijui nilipiga kelele namna gani, lakini watu walitoka vyumbani. Nilimrukia, nikamshika uso, nikamvuta masikio, ni ya moto, ni yake. Kisha nikashuka nikaanza kukimbia uani nikizunguka nguo zilizoanikwa. "Baba hajakufa! Baba hajakufa! Kukhu, tulikosea, hajakufa!" Nikamshika Mama Shiru mikono nikamzungusha. "Hakuna mtu amekufa! Hakuna mtu anakufa hapa!"

Nilikimbia mpaka nikagundua ni mimi tu ninayefurahi. Mama Shiru alikuwa ameufunika mdomo kwa taulo ya saluni. Baba alikuwa ameangalia chini. Kukhu alikuwa ameshika njiti ya kiberiti ambayo hajaiwasha, na uso wake ulikuwa umeniambia kila kitu, ila sikutaka kuusoma.

"Nafula," mama akasema. "Kuja hapa. Nani alikwambia Baba amekufa?"

"Wewe. Nywele zako. Si mlinyoa?"

Mama alifumba macho. Alimtazama Kukhu, Kukhu akatazama pembeni. Kisha akanishika mikono yote miwili. Viganja vyake vilikuwa vikavu kama karatasi. "Hizi sikunyolewa kwa sababu ya mtu," akasema. "Ni dawa ya hospitali imezitoa."

"Kwa hivyo hakuna matanga?"

Swali hilo nililiuliza nikitabasamu. Nalikumbuka tabasamu lile, lilikuwa kubwa, na jino moja la mbele halikuwepo. Mama angeweza kusema hakuna. Mama zenu wengi wangesema hakuna. Kukhu ili afanye kitu akakwaruza njiti, ikawaka.

"Usichome, Mama," mama akamwambia. "Acha kwanza."

"Mkanda ni wako. Umekutosha."

"Najua umenitosha. Acha fundo wazi."

Njiti iliungua mpaka ikafika kidole cha Kukhu, akaitupa. Alilegeza fundo, akaniwekea mkanda mikononi, ncha mbili zikaning'inia na ushanga mwekundu kando. Na mimi, niliyeijua sheria ya fundo kuliko wimbo wa shule, nilijua nimejibiwa. Nilimwangalia mama, nikamchukia kwa muda wa pumzi moja, kwa sababu Baba nilikuwa nimeshamzoea akiwa amekufa, nilikuwa nimejipanga, na sasa ilibidi nianze upya na mtu mwingine.

Baba aliniambia, miaka mingi baadaye, kwamba hakuwa na kazi nyingi. Aliacha kunipigia kwa sababu akisikia sauti yangu alishindwa kushika vyuma siku nzima.

Hatukuwa na muda mrefu. Mama aliuvaa mkanda Jumapili kanisani, ukiwa umefungwa kwa kipande cha utepe, watu wengine wakanong'ona kwamba ni mambo ya mizimu, Kukhu akawageukia pale pale kwenye benchi akawauliza kama mawigi yao yametoka mbinguni. Aliuvaa tena hospitalini. Mvua ndefu zilipoanza tulimpeleka nyumbani Bungoma, na hakurudi nasi.

Siku ya kunyoa nilikaa uani pale pale. Sikukataa. Wembe ulikuwa baridi. Walipomaliza, Kukhu alitoa mkanda kwenye leso, akauzungusha kichwani mwangu kilichonyolewa. Uliteleza ukaniziba macho, nikaona dunia nzima kupitia vishanga vya bluu. Akaufunga kwa utepe ule ule.

"Ni mkubwa," nikasema.

"Si mkubwa. Wewe ndiye bado," akasema. "Ukifika kwa huo mwekundu, utachoma mwenyewe."

Tuliporudi Mwihoko nilikwenda shule na kichwa changu kitupu nikingoja mtu aniulize ni nani amekufa. Nilikuwa nimelitayarisha jibu. Hakuna aliyeuliza. Watoto walidhani nina choa, wakasogeza madawati. Yule kijana wa baiskeli ndiye aliyekaa nami, labda kwa kuogopa kiatu.

Kwa hiyo juzi nilifika nyumbani na ile sketi, nikainua godoro, nikatoa mkebe. Nimeuhamisha mkanda ule nyumba baada ya nyumba, sasa tuko Mugutha, huku huku Ruiru, na sijawahi kuujaribu tangu nikiwa msichana. Niliogopa. Niliogopa kwamba siku utakaponitosha ndiyo siku nitakayokuwa na umri wake, na umri wake haukuwa na kesho. Nimeshaufikia umri huo, sitaki kuwadanganya. Mwaka huu wote nimekuwa nikijipapasa tumbo nikiwa peke yangu bafuni.

Nywele zangu ninakata fupi sana. Nilisimama mbele ya kioo, nikauzungusha. Ncha zilikutana kisogoni. Nikapapasa kwa kidole. Zilikutana kwenye ushanga mwekundu, hapo hapo, hata upana wa shanga haukupungua.

Binti yangu aliingia, akanikuta nimeshika kisogo na uso wote umelowa. "Mama, ni nini? Nikusaidie kufunga?"

"Acha kwanza," nikamwambia.

Nikaisikia sauti hiyo. Haikuwa yangu. Nikaogopa, kisha nikakasirika, na hasira hiyo ndiyo iliyoniokoa, kama ilivyozoea. Mama aliliacha fundo wazi kwa sababu alikuwa anakwenda. Mimi naenda wapi? Mimi nina sketi ya kupiga pasi na maharagwe jikoni.

"Funga," nikasema. "Kaza. Mara mbili."

Akafunga. Nikauvua mkanda, nikawasha kiberiti, nikaichoma ncha. Ikajikunja, ikawa nyeusi. Nikalowanisha kidole gumba, nikabonyeza. Tss.

Binti yangu akaziba pua. "Aii, Mama! Inanuka vibaya!"

"Hiyo ndiyo harufu ya kukhu yako," nikamwambia. "Zoea."